Kilo 113: BattleBots, televisheni na mchezo uliozidi uzito

Mwaka 2023 chaneli ya Marekani ya Discovery ilimaliza kurusha mashindano ya dunia ya saba ya BattleBots, mchezo wa roboti za kuendeshwa kwa rimoti zinazopigana ulingoni. Ubingwa ulikwenda kwa SawBlaze, roboti yenye msumeno wa duara uliofungwa kwenye mkono unaopanda na kushuka. Timu yake ikakabidhiwa nati kubwa ya chuma, ambayo ndiyo kombe la mashindano hayo. Mwaka 2024 ukaingia na kutoka, na chaneli hiyo haikuonyesha msimu mpya. Wala haikuwa mara ya kwanza. Comedy Central iliutema mchezo huu mwaka 2002, na ABC ikauacha baada ya msimu wa 2016. Uingereza nako, Robot Wars, kipindi cha mchezo huohuo, imezikwa mara mbili, 2004 na 2018.

Mchezo ukiangushwa na televisheni mara tano, hatuwezi tena kusema ni bahati mbaya. Sababu inayotajwa haraka ni kwamba watazamaji wamechoka kuona vyuma vikigongana. Sikubaliani nayo. Kipindi cha kwanza cha ABC mwaka 2015 kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 5, na hiyo ni baada ya BattleBots kukaa nje ya televisheni kwa miaka kama kumi na mitatu. Kitu kilichochosha watu hakirudi kwa kishindo namna hiyo. Kwa maoni yangu tatizo liko kwenye mizani. Roboti ya BattleBots inaruhusiwa kufika pauni 250, yaani kama kilo 113, na ukifuatilia namba hiyo hadi mwisho utaona kwa nini mchezo haukuweza kusimama bila televisheni, na kwa nini televisheni nayo haikuweza kukaa nao.

Mchezo ni wa nani?

Lakini kwanza umiliki, maana ndiko mambo yalikoanza kwenda kombo.

Marc Thorpe alikuwa mtengenezaji wa vielelezo vya filamu katika kampuni za George Lucas. Mwaka 1992 alijaribu kuunda kifyonza vumbi cha kuendeshwa kwa rimoti. Kama chombo cha usafi kilikuwa hasara tupu, ila kikamletea wazo la mashine zinazopigana, na Agosti 1994 akaandaa Robot Wars ya kwanza katika ukumbi wa Fort Mason, San Francisco. Fedha alizipata kwa kushirikiana na kampuni ya muziki, Profile Records. Ushirikiano ule uliishia mahakamani. Huku wanasheria wakivutana, jina la Robot Wars lilishavuka bahari, na Februari 1998 BBC Two ikaanza kurusha Robot Wars ya Uingereza. Waundaji wa Marekani, ambao mchezo ulizaliwa mikononi mwao, wakabaki na mashine bila ulingo.

Binamu wawili, Trey Roski na Greg Munson, waliokuwa wamepigana kwenye ulingo wa Thorpe, ndio walioziba pengo kwa kuanzisha BattleBots. Tukio la kwanza lilifanyika Long Beach, California, Agosti 1999. Mwaka uliofuata Comedy Central ikawachukua.

Angalia mgawanyo wa mali uliojengeka hapo, kwani haukubadilika hadi leo. Jina, ulingo na picha ni vya kampuni. Roboti, deni la karakana na mikono iliyoungua ni vya muundaji. Mpira wa miguu ukikosa mkataba wa runinga, ligi itayumba lakini ratiba itakuwepo, waamuzi watakuwepo na uwanja utakuwepo. Kwenye roboti, televisheni haikuwa mnunuzi wa mchezo uliokwisha kuwepo. Yenyewe ndiyo iliyokuwa ratiba, ndiyo iliyokuwa uwanja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na waundaji wamekufa maskini mara kadhaa.

Kituo cha vichekesho, BBC, kisha ukimya

Comedy Central ilirusha misimu mitano kati ya Agosti 2000 na mwisho wa 2002. Hiyo ni kasi ya ajabu kwa mchezo ambao mashine yake moja huweza kuchukua miezi kujengwa. Kituo kilikuwa cha vichekesho na kiliufanyia mchezo kile kinachokijua: mizaha katikati ya mapambano na Carmen Electra akihoji washindani. Bill Nye aliletwa kueleza sayansi, naye alikuwa afadhali. Waundaji wengi walinung'unika kwamba wanachekwa badala ya kutazamwa. Mimi nisingelaumu mizaha peke yake. Mtazamaji aliweza kuivumilia, mradi aone roboti zikipigana. Kasoro kubwa ilikuwa kwamba kituo kilipoamua kuelekea kwingine, hakukuwa na mtu wa kushika usukani.

Uingereza ilifika palepale kwa njia yake. BBC ilijenga roboti za kipindi chenyewe, Sir Killalot na wenzake, ambazo hazikuwa washindani bali wahusika wa kudumu. Ulikuwa uamuzi wa kisanii wenye akili: mtoto anayewasha runinga katikati ya msimu anamtambua mtu. Kipindi kilihamia Channel 5 mwaka 2003 na kufa mwaka uliofuata. Kilipofufuliwa 2016, kikirekodiwa Glasgow na kuongozwa na Dara Ó Briain na Angela Scanlon, kilidumu misimu mitatu. Mwaka 2018 BBC ilikifuta ikisema inatafuta nafasi ya vipindi vipya. China nayo ilishika moto mwaka huohuo wa 2018 kwa King of Bots na This is Fighting Robots, wakaalika waundaji kutoka nje, kisha moto ukapoa.

Miaka ambayo hakuna aliyetazama

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu, na ndipo wachambuzi wengi wanapopita haraka.

Kati ya 2002 na 2015 BattleBots haikuwa na televisheni ya kuishikilia Marekani. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni miaka ya kifo. Kiufundi ndiyo miaka mchezo uliyokua kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 2004 yalianza mashindano yaliyokuja kuitwa RoboGames, huko San Francisco, na roboti nzito zikaendelea kupigana mbele ya watu waliolipa kiingilio. Wapenzi wa ndege ndogo za rimoti walikuwa wanahamia kwenye mota zisizo na brashi na betri za lithiamu polima, na waundaji wa roboti wakazichukua. Betri ile ina nguvu nyingi kwa uzito mdogo kuliko zile za nikeli na za asidi zilizotumika zamani, hivyo kilo ulizookoa kwenye betri ukazipeleka kwenye silaha. Brazil, timu ya chuo kikuu cha PUC-Rio iitwayo RioBotz iliandika mwongozo mrefu wa kuunda roboti za mapambano na kuutoa bure. Muundaji asiye na chuo wala mfadhili akaweza kujifunza namna ya kuchagua chuma, kupima shafti na kupanga mota bila kuuchoma mkono kwanza.

ABC ilipokuja 2015 ilikuta mashine ambazo Comedy Central haikuwahi kuziona. Tombstone ya Ray Billings, yenye upanga mzito unaozunguka kwa ulalo mbele yake, ilikuwa na ndugu mkubwa, Last Rites, aliyekomaa kwenye mapambano ya RoboGames. Televisheni ilivuna shamba ambalo haikulilima. Silaumu, biashara ndivyo ilivyo. Lakini anayesema mchezo huu hauwezi kuishi bila runinga ajibu kwanza swali hili: Tombstone ilitoka wapi?

Hesabu ya kilo 113

Tufanye hesabu kidogo. Chukua upanga wa chuma wa kilo 30 wenye urefu wa mita 1, ukizunguka mara 2,000 kwa dakika. Ncha yake inakwenda kilomita 377 kwa saa, chini kidogo tu ya kikomo cha maili 250 kwa saa, yaani kama kilomita 400, ambacho BattleBots imekiweka. Nishati iliyohifadhiwa ndani ya upanga huo ni kilojouli 55 hivi. Gari la tani moja likienda kilomita 38 kwa saa lina nishati kama hiyo. Sasa tia nishati hiyo kwenye ncha ya chuma kigumu, uielekeze kwenye kona ya mashine nyingine, na ukumbuke kwamba kitakachong'oka kitaruka kikitafuta pa kutua.

Ndiyo maana ulingo wa BattleBots ni chumba cha futi 48 kwa 48, karibu mita 15 kila upande, chenye kuta za polikabonati na fremu ya chuma. Huwezi kuusimamisha kwenye ukumbi wa shule. Unahitaji jengo, bima, wazima moto walio tayari kwa betri inayowaka, na mahali ambapo mamia ya watu wataketi bila kipande kuwafikia. Mtu pekee aliyeweza kulipia haya yote alikuwa mwenye kamera. Uingereza inatoa ushahidi mzuri wa upande wa pili. Runinga ilipoondoka, roboti nzito ziliendelea na maonyesho ya kuzunguka, ila kumbi nyingi hazikuweza kuzuia vipande vya spina kubwa, yaani roboti yenye silaha inayozunguka kwa kasi. Wakabaki zaidi na zile za kupindua na kusukuma. Watu walifurahi, lakini silaha iliyouza mchezo ilibidi ibaki nyumbani.

Kwa muundaji mzigo ni uleule. Roboti ya kilo 113 ya kiwango cha kushindana hugharimu makumi ya maelfu ya dola, ukihesabu vipuri, kwa sababu hakuna anayekwenda BattleBots na mashine moja isiyo na mifupa ya akiba. Wadhamini hulipa sehemu, na mdhamini hulipa kwa sababu atatokea kwenye runinga. Runinga ikiondoka, mdhamini naye anaondoka, na mtu anabaki na kreti ya kilo mia kadhaa kwenye gereji. Halafu kwa gharama hiyo anapigana mara ngapi? Msimu wa kawaida ulimpa mapambano matatu au manne, zaidi kama alifika mbali kwenye mtoano. Kila pambano ni dakika tatu. Hakuna mchezo mwingine ninaoufahamu ambao mwanamichezo hutumia mwaka mzima kwa dakika kumi na mbili za kucheza.

Watayarishaji nao walibanwa na uzito huo. Kwa kuwa kusimamisha ulingo na kukusanya timu ni ghali, mashindano yote yalirekodiwa kwa mkupuo, kwa muda wa majuma mawili hivi, kisha yakakatwa vipandevipande na kurushwa miezi baadaye. Mashindano ya saba yalirekodiwa Las Vegas mwishoni mwa 2022 na kuanza kuonyeshwa Januari 2023. Katikati ya hapo mshindi alikuwa siri. Mchezo ambao matokeo yake ni siri hauna habari za Jumatatu, hauna msimamo wa ligi, hauna ubishi wa kijiweni. Mashabiki walioketi ukumbini waliombwa kufunga midomo, na wale wa nyumbani waliona mapambano mengine yakifupishwa ili kipindi kitoshee saa zake. Kwa hiyo kipindi kilikuwa kizuri huku ligi ikikosa hewa.

Ukiyaweka pamoja, uamuzi wa Discovery hauna fumbo kubwa. Kampuni mama iliungana na WarnerMedia Aprili 2022 ikabeba madeni mazito na kuanza kubana matumizi. Kipindi kinachohitaji jengo zima, timu kadhaa na wiki za kurekodi, na ambacho hakiwezi kutoa habari yoyote kati ya msimu na msimu, ni rahisi kukikata.

Upande wa pili wa ulingo

Ipo hoja nyingine inayostahili kusikilizwa: kwamba roboti zimefanana mno. Miaka ya Chaos 2 na Hypno-Disc, roboti za Robot Wars ya zamani, ulikuwa unaona ya kupindua ikipambana na yenye gurudumu la kukata, na hujui nani atashinda. Leo spina ya wima imetawala. Bite Force ya Paul Ventimiglia ni mfano kamili. Ilichukua ubingwa wa 2015 ikiwa na minyororo badala ya magurudumu na mkono wa kuinua. Iliporudi kuchukua ubingwa wa 2018 na 2019 ilikuwa na upanga wa wima. Muundaji mwerevu alisoma mchezo akafuata njia iliyokuwa inalipa. Mfumo wa alama nao unasaidia, kwani katika alama 11 za jaji mmoja, uharibifu una 5, ushambuliaji 3 na udhibiti 3.

Nakubali hoja hii nusu. Kufanana kupo. Lakini mchezo wa gharama kubwa hauzai watu wenye ujasiri wa kujaribu mambo ya ajabu. Ukiwa na mapambano matatu kwa mwaka na deni la dola elfu kadhaa, utajenga kile kilichoshinda mwaka jana. Ubunifu unahitaji kushindwa kwa bei nafuu, na hapo tunarudi kwenye mizani.

Tuitazame roboti ya kilo 1.36, yaani pauni 3. Mpe upanga wa gramu 300 wenye urefu wa sentimita 20, uzunguke mara 8,000 kwa dakika. Ncha inakwenda kilomita 300 kwa saa. Nishati yake ni jouli 350 hivi. Linganisha na ule upanga wa kilo 30: kasi ya ncha haijatofautiana sana, lakini nishati ya kuzuia imepungua zaidi ya mara 150. Cheche zipo, vipande vinaruka, roboti zinapaa hadi dari la kisanduku. Kisanduku chenyewe, hata hivyo, kinaweza kubebwa na watu kadhaa, na mashine inaingia kwenye begi la mgongoni. Vipande vingi vinachapwa kwa printa ya 3D usiku na kufungwa asubuhi. Gharama ni mamia ya dola, si makumi ya maelfu.

NHRL, ligi ya roboti ndogo za mapambano ya Norwalk, Connecticut, Marekani, iliyoanza 2018, imejengwa juu ya hesabu hii. Ina madaraja matatu: pauni 3, pauni 12 na pauni 30, ambayo ni sawa na kilo 1.36, 5.4 na 13.6. Mapambano yanarushwa mbashara YouTube, na matukio kadhaa ya mwaka huishia kwenye fainali. Kamera ya karibu inafanya kazi ambayo uzito ulifanya zamani: kwenye kioo cha simu huwezi kujua kama spina unayoiona ina urefu wa shubiri au wa mita. Mtu akishindwa Jumamosi anarekebisha na kurudi tukio linalofuata. Matokeo yanajulikana papo hapo, kwa hiyo kuna viwango, kuna visasi, kuna mgeni anayepanda. Ni mambo ambayo televisheni, kwa miaka yote ile na fedha zote zile, haikuwahi kuyatoa.

Nisiipambe kupita kiasi. NHRL imesimama kwa mfuko wa mwanzilishi wake, Austin McChord, aliyetajirika kwa kampuni ya Datto, na mfuko wa tajiri mmoja unaweza kufungwa kama chaneli inavyofungwa. Tofauti ni bei ya kuubadilisha. Mfuko huo ukifungwa kesho, wenye vilabu wanaweza kujenga visanduku vyao kwa michango. Ulingo wa mita 15 haujengwi kwa michango. Pia kuna kitu kinachopotea. Aliyewahi kuketi karibu na roboti mbili za kilo 113 zikigongana atakwambia kwamba kishindo kile kinaingia kifuani, na hakuna spika ya simu itakayokileta. Mashine ndogo haiwezi kukirudisha, na mashabiki wa zamani wana haki ya kukililia.

BattleBots inajua. Mwaka 2023 ilifungua onyesho la Destruct-A-Thon Las Vegas, ambako watu hununua tiketi kuona roboti zikipigana katika ukumbi wa kudumu, na imekuwa ikipeleka mapambano zaidi YouTube badala ya kungoja chaneli. Hatua ya kwanza ndiyo yenye maana zaidi kwangu. Ulingo ukiwa umesimama mwaka mzima, gharama ile kubwa hailipwi upya kila msimu, na kwa mara ya kwanza roboti nzito inapata nyumba isiyo ya mwenye kamera.

Ningekuwa nashauri upande wa BattleBots, nisingeweka nguvu kwenye kutafuta chaneli ya nne. Ningefanya mapambano mazito kuwa tukio moja la mwaka kwenye ulingo huohuo wa Las Vegas, mbashara, bila siri, na nafasi za kushiriki zigombewe kwenye madaraja madogo badala ya kuchaguliwa na watayarishaji kwa sura na hadithi. Muundaji aliyeshinda fainali ya pauni 30 angepewa ulingo na sehemu ya gharama ya kupanda hadi 250. Chaneli ikija kubisha hodi, iuziwe haki za kuonyesha kitu ambacho kingefanyika hata isingekuja. Masharti ya kwanza kwenye mkataba yawe mawili: kila pambano lionyeshwe zima, na siku hiyohiyo. Kama mnunuzi atakataa, ratiba ya mwaka haibadiliki.